Behewa Lisilowahi Kubeba Kitu

Mzee aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso, kisha akaivuta karibu tena. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake, Ngamiani, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa namwonyesha behewa la mizigo nililolichonga kwenye kompyuta kwa miezi miwili: la mbao, magurudumu manne, la reli ya Usambara, la aina iliyokuwepo Tanga wakati wa vita vya 1914. Picha kumi na moja. Ubavuni, mbele, juu, chini ya uvungu, ndani.

Alizipitia zote bila haraka. Mzee huyu amekula ujana wake wote karakana ya reli, na mimi nilikuwa nimemwekea akiba picha ya uvunguni kwa sababu nilijua ataitafuta. Aliitafuta. Akaikuza kwa vidole, akaiangalia muda mrefu kuliko zote.

Kisha akanirudishia simu.

"Zuri," akasema. "Lakini hili halijawahi kubeba kitu."

Nilitabasamu nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Alimwita mjukuu wake alete kahawa, tukahamia kwenye habari za mvua na bei ya samaki, na behewa langu halikutajwa tena mpaka naaga.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Tangu siku hiyo sijafungua faili lolote la kazi hii bila kuisikia ile sentensi.

Milimita 1,000

Wanaonisoma hapa mnajua tunachokifanya. Gemu lenyewe ni la Vita Kuu ya Kwanza kule Ulaya, mitaro na matope. Sisi watu sita tunaliundia modi, yaani nyongeza inayotengenezwa na wachezaji wenyewe, ya vita ya huku kwetu, na mimi nimepewa bunduki na mabehewa. Silaha na reli, basi. Wengine wanashughulika na ramani, sauti na mwendo wa watu.

Nilichotaka tangu mwanzo ni usahihi, na nilidhani usahihi ni vipimo.

Behewa la kwanza nililichukua mtandaoni, la bure, la Ulaya. Nikadhani nitalibana upana kidogo na kazi imekwisha. Reli ya kule ni milimita 1,435 kati ya pau na pau, hii yetu ya zamani ni milimita 1,000, kwa hiyo punguza. Nililipunguza likatoka kama kabati lililolazwa. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kosa liko wapi: behewa la reli ya mita moja halikupungua mwili kwa kiasi kile kile magurudumu yalivyosogeleana. Tumbo limebaki pana, miguu ndiyo imebanana chini yake. Ukilitazama kwa mbele linafanana na mtu aliyebeba kapu kubwa kichwani akipita njia nyembamba. Na lile la Ulaya lina bufa mbili pembeni, ilhali letu linagongana na kuungana katikati, mahali pamoja.

Nikafuta. Nikaanza upya kutoka kwenye mchemraba mtupu.

Nilikwenda mpaka pale barabara inapokatiza reli, nikapima kwa futi kamba. Chuma chenyewe kimeshabadilishwa, mataruma pia, lakini ule upana ndio ule ule uliolazwa hapa kuanzia 1893, ukafika Muheza 1896, ukafika Moshi 1911 baada ya miaka kumi na minane ya kuanza na kusimama. Nilisimama pale na futi yangu nikajisikia nimeshika kitu cha kweli. Bodaboda wakanipigia honi nitoke njiani.

Kwa hiyo, siku nakwenda kwa mzee, nilikuwa na uhakika wa kila milimita. Ndiyo maana neno lake liliniingia vile. Laiti angesema mlango ni mfupi, ningekwenda kuurefusha. Yeye hakugusa kipimo hata kimoja.

Ndala

Wiki moja baadaye nilirudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na behewa lako?"

Nikamwambia sijalala vizuri kwa ajili ya behewa langu. Akanitazama, akaona nimemaanisha. Akavua ndala ya mguu wa kulia, akaikunja ncha zote mbili zikaangalia juu kama ngalawa, akaiweka juu ya goti.

"Hii springi," akasema. "Tumbo limekalia sanduku la ekseli. Hizi ncha mbili zimeshika behewa. Behewa tupu, ncha ziko juu namna hii." Akaweka viganja juu ya ncha, akakandamiza polepole mpaka ndala ikalala. "Likijaa, springi inanyooka. Wewe umejaza magunia mpaka mlangoni, springi imekaa kama behewa limetoka kiwandani jana. Hayo magunia yako yana pamba?"

Hayakuwa na pamba. Hayakuwa na kitu. Ni maumbo tu niliyoyapanga ndani ili mchezaji akifungua mlango aone pamejaa.

Akaendelea, na sasa nilikuwa nimetoa daftari. Mbao za sakafu huliwa mlangoni kwanza, kwa sababu kila mzigo lazima uburutwe pale. Chuma cha kushikilia wakati wa kupanda hung'aa sehemu moja tu, urefu wa kiganja, kwingine kote kina kutu. Gurudumu hung'aa kama sarafu pale linapogusa reli na kutu huanzia pembeni tu ya mstari huo. Mimi nilikuwa nimelipaka kutu lote kwa sababu nilidhani behewa la zamani ni behewa la kutu. Ubao wa chini ukutani hupasuka kwa kusukumwa na mzigo kutoka ndani, kwa hiyo hutuna kwenda nje.

"Na misumari," akasema. "Mkonge ukipita, hauondoki wote. Nyuzi hushika kwenye vichwa vya misumari. Behewa la Tanga utalijua kwa hilo, hata likiwa Kigoma."

Hayo mabehewa aliyoyashika yeye ni ya baadaye, si ya Mjerumani. Lakini mkonge ni ule ule uliokuja na miche 62 iliyosalimika safarini mwaka 1893, mwaka ule ule reli ilipoanza, na kazi ya springi haikubadilika kwa kubadilika bendera.

Nilitumia siku tisa kuyafanyia kazi maneno ya saa moja. Springi nikazifanya mara mbili, za tupu na za mzigo, na mwenzangu anayeandika msimbo akaunganisha ili behewa lishuke kadiri linavyopakiwa. Kushuka kwenyewe ni sentimita chache. Kwenye kioo ni vidoti vichache tu, na mchezaji akiwa anakimbia hataviona. Lakini mara ya kwanza kuliona likishuka, gunia baada ya gunia, nilikaa kimya mbele ya kompyuta muda mrefu.

Nyuzi za mkonge nilizichonga moja moja. Ziko 40 kwenye behewa zima. Mtu akinambia hazina maana sina la kumjibu, ila sizitoi.

Moshi

Hapo ndipo nilipolazimika kurudi kwenye bunduki, na kurudi kwenyewe kukanitia aibu.

Askari wengi wa Mjerumani walioingia vitani Tanga mwezi Novemba 1914 walishika bunduki ya muundo wa 1871, ile fupi ya jeshi la wawindaji. Muundo ule ulikuwa na umri mkubwa kuliko askari wengi walioibeba. Inapakia risasi moja tu kwa wakati. Kipenyo cha mtutu ni milimita 11, kichwa cha risasi ni madini ya risasi yenyewe, kama gramu 25, na kinachosukuma ni baruti nyeusi ya kizamani. Kila ukifyatua linatoka wingu jeupe mbele ya uso wako. Adui haoni tu kwamba umepiga. Anaona umekaa wapi. Wewe mwenyewe huoni kama umempata.

Mimi niliyajua yote hayo. Nilikuwa nimeutengeneza moshi vizuri, mzito, wa kukaa hewani. Kisha wajaribuji wakaanza kulalamika. Mchezaji wa upande wa askari anakufa sana. Haoni. Bunduki ya Mwingereza inapakia risasi kumi, ya kwetu moja, halafu juu yake tunamziba macho? Malalamiko yalikuwa ya haki kwa namna yake, maana watu huingia kwenye gemu kufurahi. Tukajadiliana, nikakubali kuupunguza moshi ubaki theluthi.

Nilifanya hivyo wiki tatu kabla ya kwenda kwa mzee. Nikaandika kwenye orodha ya mabadiliko: "moshi umerekebishwa".

Haukurekebishwa. Niliuondolea bunduki mzigo wake ili iwe rahisi kuishika, kama nilivyoliwekea behewa magunia yasiyo na uzito. Nilipofungua lile faili baada ya somo la ndala, sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Nimeurudisha. Haikuwa rahisi kuwashawishi wenzangu, na bado siamini kwamba nina haki kwa asilimia mia. Mwenzangu wa Mombasa aliniuliza swali ambalo sijalimaliza: mtu akiifunga modi yetu baada ya dakika kumi kwa hasira, huo ukweli wako atauona nani? Nililizungusha swali hilo kichwani siku nyingi. Tulichokubaliana mwishoni ni kwamba moshi ubaki mzima, lakini upepo uwe wa kweli. Mwanzoni mwa Novemba kaskazi ndiyo kwanza inanusa, haina nguvu, moshi unakwenda taratibu. Mchezaji anayepiga na kusogea hatua tatu upande upepo unakotoka anaona. Anayeng'ang'ania pale pale anazibwa. Baada ya siku chache wajaribuji walikuwa wakisogea bila kuambiwa, na nilipotazama mchezo uliorekodiwa niliona mstari wa askari ukitambaa kwenye minazi, wakipiga, wakihama, wakipiga, wakihama. Sikuupanga mimi ule mwendo. Umetoka kwenye baruti.

Na moshi unapungua wenyewe kadiri modi inavyosonga mbele, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Waingereza waliposhindwa Tanga na kurudi melini waliacha bunduki 455 na risasi 600,000, zikatosha kuvipa vikosi vitatu bunduki za kisasa. Aprili 1915 meli ya Rubens ikaingia ghuba ya Manza, hapa kaskazini yetu, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza. Ikapigwa na kuungua, lakini shehena nyingi ikaopolewa. Risasi zilizoingia maji ya chumvi zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Kwenye sehemu hiyo ya modi bunduki ya askari ni nyingine, mtutu mrefu, risasi tano, hakuna wingu. Mchezaji aliyehangaika na moshi wa Tanga, akiishika hii atajua amepewa nini.

Ganda

Kuna jambo moja la bunduki ile ya 1871 ambalo nalipenda kuliko yote, na nusura nilikose.

Haina kirushio. Ukivuta komeo nyuma, ganda la risasi linatoka chemba, lakini hakuna kitu cha kulirusha nje. Linabaki limelala pale kwenye mlango wa bunduki. Aliyeishika ndiye anayepaswa kuiinamisha bunduki upande wa kulia, kuitikisa kidogo kwa kiwiko, ganda lidondoke.

Mwendo wa kupakia tuliokuwa nao ulikopwa kwenye bunduki nyingine ya gemu. Komeo nyuma, ganda linaruka, komeo mbele. Ukiutazama harakaharaka hauna kasoro. Nilikuwa nimechonga bunduki yenye pembetatu 18,000, vile vipande vidogo vinavyounda umbo kwenye kompyuta, nimechimba mpaka mikwaruzo ya skrubu, na ganda lake lilikuwa linaruka kwa nguvu isiyokuwepo.

Nilimwomba mwenzetu wa mwendo aongeze kule kuinamisha. Akanituma video ya dakika moja: amesimama sebuleni kwake na fimbo ya ufagio, anarudia, anarudia, akitafuta mkono unakwenda vipi. Matokeo yake yanaongeza chini ya sekunde moja kwa kila risasi. Lakini mabega ya askari yamebadilika. Anainama kidogo kila baada ya kupiga, kama mtu anayekung'uta mchanga kiatuni. Sasa anaonekana ameishika bunduki hiyo miaka.

Mama alipoiona

Mama alikuwa amekuja kutoka Songea kwa matibabu ya macho. Jioni moja nilikuwa mezani na bunduki inazunguka polepole kwenye kioo, ndivyo tunavyozikagua, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ya Wajerumani?"

"Ndiyo mama. Ya askari wao."

"Ndiyo waliyokuja nayo kwetu?"

Sikumjibu mara moja. Ndiyo, ndiyo hiyo. Bunduki niliyokuwa naipenda, ambayo nimeitafutia mkono na bega na upepo, ilifika kusini kabla haijapigana Tanga. Miaka ya 1905 hadi 1907 ndiyo iliyoelekezwa kwa watu walioamini maji, kwenye vita vya Majimaji. Mama alizaliwa miaka mingi baada ya hapo, lakini Songea hakuna anayehitaji kuwapo ili ajue nini kilitokea tarehe 27 Februari 1906 na kamba za kunyongea zilifungwa wapi.

Hakuniambia niache. Alikwenda kulala.

Sikuigusa kwa siku kumi na moja.

Nilijaribu kujipa majibu. Kwamba chuma hakina kosa. Kwamba tunaonyesha historia. Kwamba askari wenyewe walikuwa Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema, watoto wa bara hili, na wao wana haki ya kukumbukwa. Kila jibu lilisimama mpaka nilipomfikiria mama akilisikiliza, likaanguka.

Sikupata jibu. Nilichofanya ni kidogo na nakieleza kama kilivyo. Kwenye gemu, kabla ya kuingia vitani, mchezaji huchagua silaha, nayo humjia ikizunguka kwenye mwanga mzuri, inameremeta, imesafishwa. Niliomba bunduki hii isiwekwe hivyo. Sasa unaichukua ukutani, ndani ya behewa, imeegemezwa na nyingine saba, katika mwanga unaopenya kwenye nyufa za mbao. Na si mpya. Kitako chake kina alama za miaka mingi ya kubebwa, mkanda umeliwa pale unapopita begani, na karibu na komeo ubao umekuwa mweusi kwa mikono. Mikono ya kazi gani, hatukuandika. Atakayejiuliza atajiuliza.

Mama amesharudi Songea. Sijamwonyesha.

Reli inapoishia

Neno "kubeba" liliponikaa kichwani, likaanza kunionyesha mahali pengine.

Kwenye modi yetu, treni ikifika mwisho wa reli, masanduku ya risasi hutoweka kwenye behewa na kutokea kambini. Mchezaji anabonyeza, amepata. Nilikuwa nimepita pale mara mia nikikagua mabehewa, sijawahi kujiuliza nani ameyashusha.

Watu wote tumepita Kariakoo. Tunajua jina limetoka wapi: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa walizidi 90,000, wengi wao kwa magonjwa na njaa na kuchoka, si kwa risasi. Sanamu ya Nairobi imewaandika kuwa miguu na mikono ya jeshi. Na mimi, niliyechonga nyuzi 40 za mkonge kwenye vichwa vya misumari, sikuwa na mtu hata mmoja wa kushusha gunia.

Niliipeleka hoja kwa wenzangu nikiwa nimejiandaa kubishana, na tulibishana kweli. Kizuizi si moyo, ni mashine. Gemu linamudu idadi fulani ya watu uwanjani kwa wakati mmoja, kila mpagazi unayemwongeza unamwondoa askari. Na mpagazi hapigani. Kwa mchezaji ni mtu anayechukua nafasi.

Kilichotufungua ni habari ya Mombo. Wakati wa vita, Wajerumani walitandika kijireli chembamba kutoka Mombo kwenda Handeni kwa vyuma vilivyong'olewa mashambani, ili kuvusha mali kutoka reli ya kaskazini kuelekea reli ya kati. Hakikuwa na injini. Vitoroli vilisukumwa na watu. Kutoka Handeni mpaka Kimamba hata hicho hakikuwepo. Ni vichwa na mabega.

Kitoroli nakiweza. Hicho ni behewa, kiko upande wangu wa kazi.

Tumekubaliana hivi: ramani moja, ya Mombo, ambayo mchezaji hashiki bunduki kabisa kwa robo saa ya kwanza. Anasukuma. Watu wanne kwa kitoroli, na mlima ukianza lazima wote wanne wasukume, mmoja akiachia kinarudi nyuma. Mmoja wetu ana hofu kwamba hakuna atakayeicheza. Huenda. Nimemwambia nitaijenga hata hivyo, na nimeshamaliza fremu, magurudumu na vipini. Vipini nimevianzia na ule mng'aro wa kiganja alionifundisha mzee. Ndicho kitu cha kwanza nilichokipaka, kabla hata ya rangi ya mbao.

Mizigo ya kichwani bado inanishinda. Gunia linalobebwa na mtu linakaa tofauti na gunia lililolala sakafuni: linavunjika katikati, ncha zinashuka mbele na nyuma ya kichwa, na shingo ya aliyebeba inakuwa imekaza hata akiwa amesimama. Nimechonga matatu, nimeyafuta matatu.

Jumapili

Juzi Jumapili nilimpelekea mzee behewa tena. Safari hii sikubeba picha. Nilikuwa na video, treni nzima ya mabehewa matano inaingia Tanga, kamera imewekwa chini karibu na taruma.

Aliitazama mara ya kwanza bila kusema. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu akaisimamisha mwenyewe kwa kidole, kwenye behewa la tatu, akaikuza springi ya nyuma.

"Hili limebeba nini?"

"Risasi, mzee. Risasi mbele, unga wa mtama nyuma."

"Unga magunia mangapi?"

Nikamwambia.

"Na risasi masanduku mangapi?"

Nikamwambia hayo pia. Alinyamaza akipiga hesabu, midomo inacheza. Mjukuu alileta kahawa, akaiweka, hakuna aliyeigusa.

"Basi umelilaza vibaya," akasema. "Risasi nzito kuliko unga. Mbele ishuke zaidi, nyuma ipande kidogo." Akanionyesha kwa kidole cha shahada na gumba, nafasi ndogo kama upana wa punje mbili za mchele. "Hivi tu."

Nilifungua kompyuta pale pale kibarazani. Akavuta kiti chake karibu.